Mifuko Miwili Pacha

Fundi viatu alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mifuko ya risasi ya ngozi, ile waliyofunga viunoni askari wa karne ya kumi na tisa. Mkewe alishachoka kusema. "Wenzako wanakusanya stempu, wewe unakusanya jasho la marehemu," humwambia, kisha humsaidia kuipangusa vumbi.

Safari hii alipata miwili pacha, kutoka kwa kitukuu wa askari mmoja. Mmoja akampa mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye aliusifia mpaka ikawa aibu kumnyima.

Jumamosi asubuhi alikaa barazani kuushughulikia ule uliobaki. Akaupaka nta, akashona mkanda, akachomoa kasha la bati la ndani alisugue. Chini yake palikuwa na vikaratasi vilivyoviringishwa, kila kimoja na gololi ya risasi kichwani. Kimoja kikamchanikia mkononi. Unga mweusi ukamwagikia gazeti.

Akaunusa. Halafu akasema, "Mama Watoto, zima jiko."

"Chai bado..."

"Zima!"

Akampigia mdogo wake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Wapi! Akatoka na ndala zake hivyo hivyo, mtaa wa tatu, roho mkononi.

Mdogo wake alikuwa ameinamia geti, kinyago usoni, cheche zikiruka hadi ukutani, na hapo ukutani mfuko umening'inia kwenye msumari. Kumwita ilikuwa kazi bure, kwa kelele zile. Fundi viatu akashusha swichi kuu.

"Kaka, vipi tena?"

"Ule mfuko! Ndani mna baruti!"

Mdogo wake akavua kinyago, akacheka. "Vile vikaratasi? Nilivitoa jana, nikavitupa kwenye pipa la taka."

"Pipa lipi?"

Kicheko kikamkauka. Uani moshi ulikuwa unapanda taratibu, na sauti ya mke wa mdogo wake ikisikika, anachoma taka huku akijiimbia.

Walikimbia wote wawili. Hawakuwahi. Kishindo kilikuwa kifupi, kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye hasira, na wimbo ukakatika.

Hospitalini walisema ana bahati: mkono umeungua, macho yamesalimika, sikio la kushoto huenda lisisikie tena. Jioni alimwita fundi viatu karibu na kitanda.

"Shemeji, ulijua?"

"Sikujua."

Na kweli hakujua. Lakini siku aliyoutoa zawadi mfuko ule, aliutikisa, akasikia kitu kikichakarika ndani, akajiambia ni ngozi tu imekauka. 

"Nilisikia kitu, shemeji. Nilisikia, nikapuuza."

 Shemejiye akamgeukia muuguzi, akamwomba amtoe mgeni, kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Ulikuwa bado.