Zamu ya Mji wa Chini

"Mjomba, tafadhali usiniaibishe," mpwa wangu, mwalimu wa darasa la Jumapili, aliniambia mlangoni mwa chumba cha watoto, nyuma ya kanisa. "Mzee wa kanisa anakuja kusikiliza. Asiporidhika anafunga darasa, na watoto wangu wanarudi kusinzia ibadani na wakubwa."

Mzee huyo alishatangaza kwamba mtu kama mimi, asiye na cheti, aliyezurura maisha yake yote, hana la kufundisha.

Nikaingia na sinia kubwa la bati, ndoo ya udongo na birika la maji. Watoto walikuwa tisa. Nilipowauliza mito ya Edeni, wakaitaja yote minne kwa pumzi moja, kama kasuku.

"Na mto una kazi gani?"

Wakarudia majina yale yale manne.

"Basi kunjeni mikono ya mashati!"

Tukatandaza udongo kwenye sinia mezani, nikaliinua upande mmoja, nikachora mto kwa kidole. "Huu ni Frati. Huku kusini ndiko alikotoka Ibrahimu. Mvua ya kubahatisha, jua halina huruma. Jengeni muishi!"

Wakajenga mji wa juu na mji wa chini, na vifereji vya kwenda mashambani. Nikamimina. Wee! Maji yakakimbia, na wao wakayafuata kwa vigelegele kuzunguka meza.

Mara mtoto tuliyemwita Bonge, aliyejifanya bwana wa mji wa juu, akaziba mto kwa donge la udongo. Kule chini kukakauka.

"Mchoyo we! Tutakufa njaa!"

"Mto unapita kwangu!"

"Kwani umeuumba wewe?"

Mpwa wangu akanikata jicho. Ningeweza kuwanyamazisha, lakini nikasema, "Watu wa kale nao waligombana hivi hivi. Sasa mtafanyaje?"

Binti tuliyemwita Kiherehere akanyakua kibonge cha udongo, akakifanya bapa, akachukua kijiti. "Zamu! Mji wa juu ukifungua, nachora kistari huku. Wa chini, nachora huku. Atakayebisha aje asome hapa."

Nikaruka juu. "Mnajua mmefanya nini? Mmetunga sheria! Mmeanza kuandika! Watu wa mto huu waliandika kwenye udongo hivi hivi, miaka elfu tano iliyopita!" Mwenye kelele kubwa chumbani nilikuwa mimi.

"Mchezo mzuri," ikasema sauti mlangoni. Mzee wa kanisa. "Na Mungu yuko wapi kwenye matope haya?"

Mpwa wangu akashika kifua. Bonge akajibu huku akibomoa donge lake.

"Yeye ametupa maji, babu. Kugawana katuachia sisi."

Mzee akayatazama maji yakiteremka mpaka shamba la mwisho. Halafu akavua koti, akampa mpwa wangu amshikie, akapiga goti kando ya meza kati ya watoto.

"Nami nipeni maji. Zamu yangu lini?"

Kiherehere akapitisha kidole kwenye vistari vyake, akatikisa kichwa.

"Jenga kwanza, babu. Utapewaje maji na huna hata kibanda?"