Mstari wa Chokaa

Tone la maji liligonga bati. Kimya. Likagonga tena.

Gizani, Mama Chiriku alitega sikio bila kufumbua macho. Bomba la uani lilitoa maji kwa muda mfupi tu kabla ya kupambazuka, na lilianza hivyo hivyo, kwa kudondosha, kama mtu bahili anayejishauri. Zamu ilikuwa yake na ndoo ilikuwa yake. Tone likigonga bati, bado kuna nafasi ya kugeuza ubavu. Likianza kugonga maji, inuka, la sivyo ndoo itafurika na wapangaji wenzako watakusema mpaka jioni.

"Mama," sauti ikatoka chini ya shuka, "ndoo inaongea."

"Iache iongee. Wewe jana uliongea kutwa nzima, nani alikukataza?"

Mtoto akacheka. Alikuwa na miaka sita na mdomo usiojua kupumzika. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, na tangu hapo mama yake naye hakuitwa tena kwa jina lake. Mama huyo aliketi, akajipaka mafuta viganjani. Dawa ya kusugulia ilikuwa imemla ngozi mpaka kufunga vifungo vya nguo ya mtoto ilikuwa kazi ya kuuma meno. Glavu waliahidiwa siku walipoajiriwa. Bado walikuwa wakiahidiwa.

Alikuwa akisugua vitofali vya njia katika ua wa hospitali. Watu hudhani ni kazi ya kumwaga maji na kupitisha fagio. Wajaribu. Ukoga, ule utando wa kijani unaoota penye unyevu, hujificha kwenye maungio. Ukisugua juu juu, njia inang'aa leo, na wiki ijayo ukoga umerudi na ndugu zake. Sharti upige magoti, uchokonoe maungio kwa kisu kilichopindwa ncha, kitofali kwa kitofali. Ndipo umwage dawa, usubiri, usugue kwa brashi ya waya, halafu mwenye mpira wa maji apite. Mwenye mpira alikuwa Mzee Bomba, mzee mwembamba aliyekuwa na utani kwa kila jambo isipokuwa msimamizi.

Wiki ile mgeni mkubwa alikuwa anakuja kufungua jengo jipya la utawala. Mawe ya kando ya njia yalikuwa yakipakwa chokaa. Msimamizi wa kampuni ya usafi alichukua brashi kutoka kwenye ndoo ya chokaa, akainama kwa shida, tumbo likimzuia, akavuta mstari mweupe kukata njia kutoka ukingo huu hadi ule.

"Kuanzia geti kubwa mpaka hapa, hapa ndipo atakapokanyaga," alisema. "Hapa anageuka, anarudi kwenye gari. Ng'ambo ya mstari sitaki kuona brashi, sitaki kuona dawa, sitaki kuona hata tone la maji. Tumeelewana?"

"Na mteremko wa wazazi, bosi?" Mama Chiriku aliuliza.

"Kwani mgeni anakuja kuzaa?"

Mzee Bomba akacheka, kwa kuwa msimamizi alikuwa anamtazama.

Mteremko ulishukia hatua chache ng'ambo ya mstari. Ulitoka wodi ya wazazi, ukapita nyuma ya chumba cha kufulia hadi geti dogo. Bomba la kufulia lilivuja tangu zamani, na kila asubuhi wafuaji walimwaga maji yao hapo hapo. Vitofali vilikuwa kijani kibichi, vinapendeza ukiviona kwa mbali. Na wauguzi waliwapeleka hapo wanawake wenye uchungu. Ndani hapakuwa na nafasi. "Nenda ukatembee, mtoto ashuke," waliwaambia, nao walitembea, wakipanda na kushuka, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani.

Siku ya kwanza ya kazi ile, mmoja wao alisimama karibu na mstari akihema. Binti mdogo tu, mimba ya kwanza, shuka la maua limefungwa juu ya tumbo.

"Dada, ukimaliza hayo matofali njoo unisugue na mimi kiuno," alisema.

"Kiuno chako kina fundi wake. Mimi fundi wa chini."

"Huyo fundi yuko kazini anawapakia watu rangi nyumba zao. Kaniachia mzigo."

Wakacheka wote wawili. Kisha uchungu ukamshika, akaukumbatia ukuta, na mguu wake ukateleza shibiri nzima kabla ya kupata pa kushika. Aliposimama tena uso wake ulikuwa umebadilika. "Mimi nilidhani cha kuogopa ni kuzaa tu," alisema, akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

Mama Chiriku aliutazama mstari. Akaitazama ndoo. Akauvuka.

Alisafisha safu nne, akachokonoa na maungio, na alikuwa anaingia ya tano alipoona viatu vya msimamizi mbele ya brashi yake.

"Wewe mwanamke, unaona hii ni nini?"

"Mstari, bosi."

"Na wewe uko wapi?"

"Hawa mama wanateleza, bosi. Nimeona kwa macho yangu."

"Hii dawa ni ya mgeni. Imepimwa kwa ajili ya njia ya mgeni. Wewe unaimwaga huku kwa vile una huruma?" Alilitamka hilo neno huruma kama mtu anayetema kokwa. "Leo nakuonya kwa mdomo. Mara ya pili ni karatasi. Mara ya tatu ni geti. Una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi rudi upande wako."

Akarudi upande wake. Alisugua mpaka jioni bila kuinua kichwa, na kwa jinsi alivyokuwa akisugua, Mzee Bomba alimwambia taratibu: "Mwanangu, utavimaliza vitofali, tubaki na udongo."

Kesho yake, saa nne asubuhi, wafuaji walikuwa wameshamwaga maji ya shuka. Yule binti alikuwa bado anatembea. Uchungu ulimshika na kumwachia usiku kucha, muuguzi akamrudisha tena nje. Hakupiga kelele. Kilisikika kishindo kimoja kizito, halafu ndala yake ikashuka peke yake mteremkoni, ikija, ikija, mpaka ikafika kwenye chokaa na kusimama.

Mama Chiriku alitupa brashi akakimbia. Naye aliteleza, akaangukia magoti, akaenda kwa kutambaa. Binti alikuwa amelalia tumbo. Alipomgeuza, maji yaliyokuwa yakimtoka yalikuwa na damu, na macho yake yalikuwa yamemkodolea kana kwamba anasubiri kuelezwa jambo. "Dada," alisema, "amenyamaza." Kisha watu wakaja na machela.

Alasiri msimamizi alikuja mwenyewe. Hakufoka. Mkononi alishika glavu mpya, bado ziko kwenye mfuko wa dukani.

"Mama Chiriku," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Pole kwa ya leo, mama. Vaa hizi, usizidi kuumia mikono. Kuna kazi ndogo. Huu mstari utatuharibia, mgeni atauliza ni wa nini. Uondoe wote, na kwenye maungio pia. Wewe ndiye ninayekuamini kwa maungio."

Akazivaa. Zilimkaa vizuri. Alisugua chokaa ile kwa uangalifu aliouzoea, akamwaga dawa, akasubiri, akasugua tena, akafuata kila ungio kwa ncha ya kisu mpaka hakukubaki hata chembe nyeupe. Mzee Bomba akapitisha maji. Ilikuwa kazi safi. Alirudi nyumbani na glavu mfukoni, akaziosha, akazianika dirishani.

Siku ya mgeni, jirani anayemshikia mtoto alikuwa amefiwa, ikabidi Mama Chiriku aje na mtoto kazini. Hata brashi hakuishika. "Unaitwa ofisini," mlinzi alimwambia, macho yake yakiwa kwingine.

Kwenye benchi la ukumbini aliketi kijana mwenye suruali yenye madoa ya rangi za nyumba. Amepakata begi dogo, zipu iko wazi, na juu kabisa ilionekana kofia ya kufumwa isiyozidi ngumi. Msimamizi alimwonyesha Mama Chiriku kwa kidevu. "Ndiye huyu," alisema, akaingia ndani.

Kijana aliinua uso. "Ni wewe?"

"Kaka, mkeo anaendeleaje?"

"Mke wangu yupo," alisema kijana. Akafunga zipu, ikakwama, akaivuta tena. "Mke wangu yupo."

Ofisini, katibu wa hospitali, mwanamke mwenye miwani ya kamba, alikuwa na karatasi moja mezani. Msimamizi alisogeza kidau cha wino.

"Ni fomu ya kawaida tu," alisema msimamizi. "Kwamba ulikuwepo. Weka dole gumba hapa, mambo yaishe."

Mama Chiriku hakuweka dole. Aliichukua karatasi, akaisoma polepole, midomo ikitembea, kama anavyosoma kila jioni darasani chini ya taa moja. Alipofika katikati akarudi mwanzo, kuhakikisha kwamba kosa si la macho yake.

"Hapa pameandikwa, 'Nilipangiwa eneo lote, pamoja na mteremko, na kwa uzembe wangu nikauacha bila kuusafisha.'"

"Kumbe unasoma," msimamizi alisema.

"Nasoma jioni, bosi. Mwaka wa pili."

"Hongera," alisema katibu, kalamu yake ikiendelea kuandika.

"Lakini si kweli. Kulikuwa na mstari. Bosi mwenyewe aliuchora, akanikataza kuuvuka. Nilipouvuka akanikemea."

"Mstari gani?"

"Wa chokaa. Pale njia inapokutana na mteremko."

Katibu alivua miwani, akasimama. "Sawa. Twende ukanionyeshe."

Mama Chiriku alimshika mtoto mkono akageukia mlango. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu haikutoka. Alibaki anautazama mlango, na taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo, akaelewa glavu zile zilikuwa za nini.

"Haupo," alisema. "Umefutwa."

"Nani kaufuta?"

Msimamizi alikuwa anakagua kucha zake.

"Mimi," alisema Mama Chiriku. "Lakini yeye ndiye aliyeniambia. Mwiteni Mzee Bomba, alikuwepo toka mwanzo."

Mzee Bomba akaitwa. Akasimama kizingitini, kofia mkononi, mabuti yakidondosha maji sakafuni.

"Mstari?" alisema. "Mimi mtu wa maji, mama katibu. Naangalia mpira wangu. Chokaa ziko nyingi siku hizi, kila jiwe lina chokaa."

"Mzee wangu, nitazame."

"Macho yangu yana ukungu, mwanangu," alisema mzee, na hakuna aliyecheka, hata msimamizi. Akaondoka kinyumenyume.

"Sikiliza," msimamizi alisema, sasa kwa sauti yake ya kila siku. "Mume wa yule binti yuko pale nje anataka mtu. Ukiweka dole, kampuni inakuhamisha, wiki ijayo unaanza kituo kingine, unalea mtoto wako. Usipoweka, umemwaga unga kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nakusaidia."

"Unanisaidia."

"Nakusaidia, mama."

Alichukua kalamu ya katibu bila kuomba. Akaigeuza karatasi, akaandika nyuma yake, kwa zile herufi kubwa za mviringo za darasa la jioni, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka penye nukta: *Mstari aliuchora msimamizi. Alinikataza kuuvuka. Mstari nimeufuta mimi kwa amri yake. Yule dada aliangukia upande niliokatazwa.* Akatia sahihi. Aliandika majina yake yote matatu, ambayo mtaani hakuna aliyeyajua.

Katibu alisoma. Alisoma mpaka mwisho, hilo Mama Chiriku aliliona. Kisha akaigeuza karatasi.

"Nyuma hapasomwi, mama," alisema. Penye nafasi ya dole gumba akaandika *Amekataa*, akagonga muhuri mara mbili. Mara ya kwanza wino haukukolea.

Wakamtaka arudishe aproni, mabuti na glavu. Glavu zilihakikiwa zote mbili. Akatoka na ndala zake miguuni. Benchi lilikuwa tupu.

Njia kubwa ilikuwa imefungwa kwa utepe. Vitofali vyake viling'aa kama sahani, kila ungio limechorwa sawasawa, na hakuna aliyeruhusiwa kuvikanyaga. "Pitieni nyuma," askari alisema, akipunga fimbo. "Mgeni yuko getini."

"Nimevisugua mimi hivi."

"Ndiyo, mama. Pitieni nyuma."

Wakapita nyuma. Mteremko ulikuwa mbichi, maji ya kufulia yalikuwa yameshamwagwa. Katikati yake mwanamke mwingine alikuwa anatembea, mkono kiunoni, mkono ukutani, shuka limeshuka upande mmoja, midomo imekazwa. Upande wa pili wa jengo makofi yalianza. Mama Chiriku alitafuta pa kuweka mguu, akapakosa, akajaribu pengine. Chiriku, ambaye toka ofisini hakuwa amefungua mdomo, alimng'ang'ania mkono kwa mikono yote miwili, akasimama, akasema kwa sauti:

"Mama, hapa panateleza."