Ishirini ya Kilichobaki

…siyo hamsini, Mweri anasema tena, mara ya kumi na moja tangu asubuhi, na nyayo zinawaka moto, duka la viatu lisilompa mwuzaji hata kigoda, tangazo la mlangoni linasema punguzo asilimia thelathini, na Jumamosi ishirini zaidi, na kila aingiaye amekwisha kujumlisha, na huyu Bi Alawiya amekumbatia makubadhi ya ngozi kama aliyekwisha kuyalipia, noti ya elfu mkononi, anauliza kwa upole ule wa watu wa Mvita unaokata kuliko matusi, "Kwani mwanangu, huku Changamwe mna hesabu zenu?", na foleni inacheka, na yeye angecheka kama angekuwa na nguvu… elfu mbili, bibi, toa thelathini, inabaki elfu moja mia nne, ile ishirini ya Jumamosi haitoki kwenye elfu mbili, inatoka kwenye hicho kilichobaki, mia mbili themanini tu, kwa hivyo utalipa elfu moja mia moja na ishirini, ishirini ya kidogo ni kidogo, bibi… ishirini ya kidogo… na anamkumbuka Morgan, meneja, mwaka jana biashara ilipolala alimwambia nakukata asilimia ishirini, tuvumiliane, na mshahara wa elfu kumi na tano ukawa kumi na mbili, nyama ikahama jikoni, halafu Januari akamwita stoo, anatabasamu, "Mweri, ile ishirini yako nimekurudishia yote," na ishirini ya kumi na mbili ni… elfu mbili mia nne, siyo tatu, jumla kumi na nne na mia nne, ndiyo hiyo inayoingia kwenye simu kila mwezi, na yeye miezi minane akidhani zile mia sita ni makato ya serikali, yeye, anayewasomesha wateja tangu asubuhi… labda Morgan naye alijumlisha kama hawa, labda alijua… "Mwanangu, mbona hupokei?" Abee, bibi, anajibu, na noti ingali imenyoshwa, na mkono wake haujaipokea, mia sita atamwuliza Morgan leo, kabla ya kufunga, mia sita mara nane inahesabika, lakini siku ile pale stoo alipiga goti kidogo, akasema asante, akasema Mungu akubariki, usiku akamwombea yeye na watoto wake kwa majina, na hiyo ataidaije…