Ukuta Usiooshwa

Kwa usafi, Emérance hakuwa na mpinzani mtaa mzima wa Merrylands, huku ugenini, isipokuwa Gloriose, kiongozi wa akina mama wa kanisa, ambaye akiingia kwa mtu hupitisha kidole juu ya kabati kabla hajasalimia. Sasa tazama kazi aliyoipata Emérance: kufagia nyumba ya mtambo wa mvuke kwenye mgodi wa zamani wa madini ya risasi, jengo la mawe linalolindwa na sheria pamoja na uchafu wake. Sakafu, ruhusa. Ukuta wenye masizi ya miaka mia na arobaini, hata kuugusa ni marufuku.

"Masizi ni heritage," bosi wake, Cheryl, alimwambia siku ya kwanza, yaani urithi usioguswa. Emérance aliitikia kwa adabu, moyo ukimuuma.

Angevumilia, lakini Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kulitembelea jengo hilo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumjua Gloriose. Basi asubuhi kitambaa na sabuni vilitoka vyenyewe kwenye ndoo, vyenyewe kabisa, vikasugua ukuta. Emérance alipozinduka, doa jeupe la ukubwa wa sinia lilikuwa linamkodolea macho, na ukuta uliobaki, ambao mwanzo ulikuwa mweusi tu, sasa ulionekana mchafu kweli kweli.

Na Cheryl alikuwa njiani. Kazi hii Emérance aliitafuta mwaka mzima. Akachota, kutoka tanuri la zamani, masizi ambayo nayo bila shaka yalikuwa heritage, akaanza kuyapaka ukutani kwa viganja, huku akimwomba radhi marehemu mama yake, aliyemfundisha usafi.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Gloriose, na kitenge chake kipya, na akina mama sita nyuma yake.

"Mama Ketsia, uko unafanya nini?" aliuliza, akimwita Emérance kwa jina la mwanawe.

Emérance alitamani ardhi immeze. Angedanganya, lakini mikono ilikuwa myeusi hadi viwiko.

"Nilisafisha ukuta, mama. Sasa niko naurudishia uchafu, mbele bosi afike. Akiona, kazi imeisha."

Gloriose aliusogelea ukuta, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa upande. Kisha akavua saa, akampa mwenzake amshikie, akakunja mikono ya gauni.

"Huku juu haujapaka muzuri," alisema. "Leta hayo masizi."