Ugomvi wa Sauti Moja

Hebu niambieni nyie mliooa na kuolewa: mnagombanaje na mtu anayenong'ona?

Mume wangu alikuwa dalali wa mnada wa samani. Mtaani bado wanamwita Spika, ingawa saratani ya koo, aliyopona miaka mitatu iliyopita, ilimwachia sauti ya kunong'ona tu. Mionzi nayo ilimkausha mate. Hatoki bila chupa ya maji, na chakula bila mchuzi hakipiti. Sahani moja ya wali anaila mpaka mimi naota mizizi kwenye kiti.

Hayo nimeyazoea. Tatizo ni ugomvi! Zamani tulikuwa tunatoana jasho, yeye juu, mimi juu. Siku hizi ananong'ona, "Mwanamke huna akili wewe," nami nalipuka, "Mimi ndiyo sina akili? Wewe uliyeanika suruali kwenye mvua?" Majirani wanasikia upande mmoja, na upande wenyewe ni wangu. Basi nimekuwa yule katili anayemfokea mgonjwa. Nikifika bombani, maongezi yanakatika.

Maneno yakamfikia wifi, dada yake mkubwa. Jumamosi akatua na begi tupu.

"Nimekuja kumchukua mdogo wangu," akasema hata hajakaa. "Akapumzike kwangu. Utamuua kwa makelele."

Huyu mzee nampenda jamani, na nikifungua mdomo kujitetea, ndiyo kwanza nazidi kujichongea.

Mume wangu akanong'ona kitu. Wifi, ambaye masikio yake ni mazito, akadakia, "Anasema nini?"

"Anasema ukae kwanza."

"Usimwekee maneno mdomoni!"

"Haya, anasema una kelele kunishinda mimi." Ndivyo alivyosema, Mungu ni shahidi.

Spika akapiga funda la maji, akanivuta karibu. Akanong'ona kirefu, akitua kila mara kumeza. Nilipomsikia, nikajifuta macho kwa kanga.

"Sema basi!" wifi akafoka.

"Anasema... kule hospitali nilikuwa namsemesha kwa upole. Namwita mpenzi, namfunika miguu. Anasema ndipo alipojua kuwa anakufa." Nikapenga kamasi. "Anasema siku niliyomgombeza kwa kumwaga uji kitandani, aligeukia ukutani akalia kwa furaha. Alijua nimeshaamini kwamba atapona."

Wifi akakaa, sasa. Akalisukuma begi chini ya kiti, akamshika mdogo wake bega.

"Pole, kipenzi changu," akamwambia, taratibu kabisa, sauti laini sijawahi kuisikia kwake. "Pole sana, baba."

Mume wangu akaruka kidogo. Akaning'ang'ania mkono, macho yamemtoka, akaninong'oneza haraka haraka.

Nikajaza kifua.

"Wifi! Ongea kama kawaida yako, unamtisha! Huyu hafi leo wala kesho!"