Maneno ya Kumbeba Kicheche

Harufu ya kicheche ikivuka barabara, watu hufunga vioo vya gari upesi kama waliofumaniwa. Mimi hufungua changu. Binti yangu Karin, aliyeshika usukani, hunitupia jicho la kunipima.

"Mama, u mzima kweli?"

Humjibu kwamba kila mtu ana uturi wake. Wenzangu hunusa mawaridi wakaukumbuka ujana. Mimi nanusa uvundo wa mnyama mwenye mistari mgongoni, na papo hapo namwona marehemu mume wangu, Orval, anavuka uwanja wa nyuma na shuka langu zuri mkononi, shuka la maua ya zambarau alilonipa mama yangu nilipoolewa.

Ng'ombe wetu tuliwauza mwezi wa Aprili. Bei ya maziwa ilikuwa imeanguka, na benki haina moyo wa kukamuliwa. Mnada ulifanyika uani kwetu kama ilivyo desturi ya huku: dalali juu ya gari, majirani mikono mifukoni, wanawake wa kanisa mezani wakiuza kahawa na pai za tufaha. Mimi nilikuwa miongoni mwao, nikikata pai kwenye matanga yangu mwenyewe na kuwavunja watu mbavu. Maisha yalinizaba makofi tangu nikiwa mdogo, nikajifunza kuwahi kucheka kabla kofi halijafika.

Orval hakujifunza hivyo. Tangu siku ile maneno yalimkauka. Mezani yalibaki "ndiyo", "siyo" na "chumvi". Aliendelea kuamka kabla ya jua, akavaa viatu vyake vya mpira, akaenda kusimama mlangoni pa zizi tupu, kisha akarudi na uso ule ule. Nilimtania asubuhi, nikamtania jioni. Utani wangu ulimwangukia kama mvua juu ya bati: kelele tele, ndani pakavu.

Tulibakiwa na kuku na mbuzi mmoja mkongwe, Gudrun. Septemba mayai yakaanza kupotea, na asubuhi moja tukakuta shimo chini ya banda la kuku. Harufu ilijitambulisha yenyewe. Kicheche alikuwa amehamia, mnene kama mchungaji baada ya sikukuu ya mavuno, anajiwekea mafuta ya majira ya baridi kwa mayai yetu. Orval akaenda ndani, akatoka na bunduki. Ndipo jirani yetu Clifford Amundson alipotokea.

"Rudisha hiyo kitu, bwana," Clifford alisema. "Ukimpiga hapo chini, hata kuku watahama. Mbwa wangu alikutana na mmoja mwaka jana. Nilimwogesha kwa maji ya nyanya kuutoa uvundo, mpaka nikamaliza debe. Mke wangu akanilaza gereji."

"Na mbwa?" nikauliza.

"Mbwa alilala ndani. Yeye alionewa huruma."

Alikuwa na mtego wa waya, mfano wa kizimba, wa kumnasa mnyama akiwa hai. Akauweka chini, akajikuna kidevu.

"Kumnasa si kazi. Kazi ni kumbeba. Unamwendea polepole, unafunika kizimba kwa shuka, unamchukua mpaka mbali. Na njia nzima unaongea naye. Sauti ya chini, isiyokatika, ajue ulipo. Ukinyamaza, anashtuka. Akishtuka, mkia juu, tayari kukurushia uvundo wake. Na mkia ukiwa juu, kaka, mwachie Mungu."

"Aongee naye nini?" nikauliza.

"Chochote. Hata dhambi zake."

"Basi tumekwisha," nikasema. "Huyu mimi mwenyewe hajanisemesha tangu Aprili. Afadhali nimbebe mimi."

"Wewe, Marlys? Kwa sauti yako hiyo? Kicheche ataomba arudishwe kwenye mtego!"

Tulicheka mimi na Clifford. Orval alikuwa anautazama mtego.

"Nitambeba mimi," alisema.

Tukatega kwa mkate uliopakwa siagi ya karanga. Asubuhi ya kwanza tulimnasa paka wetu, ambaye hakutusamehe hadi anakufa. Ya pili alikuwemo mwenyewe, mweusi kwa mweupe, ametulia kama mgeni rasmi anayengoja kuitwa mezani. Orval aliingia nyumbani akachukua shuka la kwanza lililomjia mkononi. Lilikuwa lile la maua ya zambarau. Kazi yangu ilikuwa kutangulia kufungua malango, maana mpaka kwenye vichaka vya kijito ilibidi kuyavuka malisho yote.

Alimwendea ubavu ubavu.

"Haya, mama," akasema. "Taratibu, mama. Sogea kidogo. Ni mimi tu."

Nikashika nguzo ya lango. Ilikuwa sauti ya kukamulia ng'ombe. Niliisikia maisha yangu yote ya ndoa kupitia ukuta wa zizi, nikiwa jikoni nachemsha kahawa, na sikuwahi kujua kwamba ilikuwa ikinituliza na mimi.

Alishusha shuka, akainua kizimba, akaanza kutembea. Maneno ya taratibu yalimfikisha lango la kwanza, yakaisha. Shuka likatikisika. Nilimwona anatafuta la kusema kama mtu anayepapasa swichi gizani, kisha akaanza kutaja ng'ombe.

"Solveig alikwenda kwa yule mtu wa mji wa Viroqua, mama. Ana malisho mazuri, atakuwa salama. Petra ndiye aliyegoma kupanda lori. Walipomsukuma akageuka, ananitafuta. Nilikuwa nyuma ya trekta. Nilijificha, mama. Miaka yote namwambia hakuna atakayekuumiza nikiwepo, halafu siku yenyewe nikajificha. Namsikia Marlys pale mezani anachekesha watu. Nikadhani yeye haumii. Nikamchukia kidogo."

Nilikuwa kwenye lango la pili, kitasa mkononi. Utani ulikuwa umeshanifika ulimini. Mzuri, hadi leo naukumbuka. Ungemfanya acheke, labda, na angefunga mdomo tena mpaka kifo. Niliumeza. Ulishuka kama mwiba wa samaki. Nikafungua lango, nikasimama kando, naye akapita karibu nami bila kuinua macho, anaongea, jasho linamtiririka shingoni katika ubaridi ule.

Kwenye vichaka alitua kizimba, akaondoa shuka, akafungua mlango. Kicheche alitoka bila haraka. Akanusa majani, akatugeukia kidogo kama aliyesahau kitu, kisha akajiendea zake, mkia ukiburuzika nyuma.

Nilijua sasa itarudi "chumvi".

Orval akalitupa shuka begani. Akaokota kizimba kitupu, akaanza kupanda malisho kurudi nyumbani, na sauti yake ikapanda naye, ile ile ya chini, isiyokatika: "Na yule mwekundu, aliyezaliwa theluji ikianguka, tukamlaza jikoni..."

Malango niliyaacha wazi. Hapakuwa na ng'ombe wa kutoroka. Nikamfuata kwa nyuma, nikikanyaga nyasi kwa ncha za vidole, nisije nikamshtua.