Maziko ya Haibiskasi

Hildegarda hakuogopa kitu mjini Kilosa isipokuwa mdomo wa Wenceslaus, fundi baiskeli wa jirani. Walikuwa watani tangu enzi za babu zao kwenye mashamba ya mkonge kule Kimamba, na mtani akikuta kitu chako hakitunzwi anakibeba, nawe huna pa kushtaki. Alishabeba jogoo, alishabeba kiti cha uvivu. Sasa jicho lake lilikuwa kwenye ua la haibiskasi.

Haibiskasi hiyo ilikuwa ya marehemu mama yake Hildegarda. Ilikaa kibarazani ndani ya ndoo ya rangi, na wiki mbili mbele ilikuwa misa ya mwaka mmoja tangu mama aondoke. Dada yake, Verdiana, angekuja kutoka Mikumi. Hildegarda alishamwahidi kwenye simu kwamba siku hiyo ua la mama litakuwa mezani, tena limechanua. Aliahidi kabla hajaona vidukari.

Walikuwa wadogo, wa kijani, wamejazana hadi majani yananata na kujikunja. Vitumba vilidondoka kabla ya kufunguka. Kila asubuhi Hildegarda alipangusa majani kwa kitambaa, akayanyunyizia majivu, akawatukana wadudu kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Wao waliendelea kula. Wenceslaus akipita, Hildegarda alisimama mbele ya ndoo na kutandaza khanga yake kama kuku mwenye vifaranga.

Jumatatu, akitoka sokoni, alisikia kilio kibarazani kwake. Wenceslaus alikuwa ameketi chini mbele ya ndoo, khanga kichwani, na majirani wamejaa.

"Uwiii! Ametutoka! Kauawa na chawa, na mwenye nyumba yupo!"

"Hajafa huyo! Ondoka barazani kwangu!"

"Mtani, mfiwa hapigi kelele. Leteni maji, leteni sabuni. Maiti haizikwi na uchafu."

Hildegarda alichukia, na chuki yenyewe ilikuwa ya zamani. Kwenye msiba wa mama, Wenceslaus huyuhuyu alijilaza ndani ya kaburi kabla jeneza halijashushwa, akadai hatoki mpaka apewe pilau. Watu walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani, kila mtu anajua. Yeye hakucheka, na moyoni hakumsamehe.

Maji yakaja. Wenceslaus akayatia sabuni ya mche kidogo tu, akachovya kitambaa, akaanza kumwosha marehemu jani moja moja.

"Mtani, kumbe ulikuwa unamwosha uso tu? Mgongoni je?" Akageuza jani. Huko chini ndiko ukoo mzima wa vidukari ulikokuwa umepanga. "Na kwapani!" Akapitisha kidole pale jani linapoungana na tawi.

Hildegarda aliona aibu. Siku zote alikuwa anapangusa juu, kama anavyopangusa kabati.

"Sogea huko," alisema, akapiga magoti. "Mgongo mwachie mfiwa."

Wakaosha pamoja, wakasuuza kwa maji matupu. Vijitawi viwili vilivyozidiwa na wadudu Wenceslaus alivikata, akaviita urithi wake, akavichoma moto. Baada ya siku nne alirudi kufanya arobaini kabla ya wakati, wakaosha tena. Safari hii walihesabu vidukari sita tu.

Siku ya misa lilichanua ua moja, jekundu, pana kama kisosi. Hildegarda alijua jioni litafumba, maana haibiskasi huchanua siku moja tu. Verdiana akaiweka ndoo mezani, karibu na picha ya mama.

Wenceslaus aliingia na khanga tayari kichwani, mdomo wazi kwa kilio chake cha uongo. Akaliona ua. Akaiona picha. Kilio hakikutoka. Aliivua khanga taratibu, na machozi yakamshuka, ya kweli.

"Alikuwa ananipa uji kila nikipita," alisema. "Hata siku ile niliyombeba jogoo."

Mtani analia! Watu walitazamana, hakuna aliyejua la kufanya. Hildegarda alijua. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alimpokonya ile khanga, akajifunga kichwani, akajitupa sakafuni.

"Uwiii! Mtani wangu ametutoka! Leteni maji, leteni sabuni, na mgongoni msimsahau!"

Wenceslaus akacheka huku analia.